Barua ya wazi kwa mawaziri wa NATO: msiwasaidie Wakurdi kwa mlango wa uani

Kwa: Mawaziri wa Mambo ya Nje na Mawaziri wa Ulinzi wa nchi 32 wanachama wa Jumuiya ya Kujihami ya NATO

Yah: Misaada yenu kwa Wakurdi, na ugomvi inaouzaa baina yenu

Waheshimiwa,

Ugomvi wenu juu ya Wakurdi hauanzi siku bunduki inapofika kwa mpiganaji. Huanza miezi kadhaa kabla, pale nchi moja ya NATO inapoamua kumsaidia mtu ambaye nchi nyingine ya NATO inamwita gaidi, na uamuzi huo ukapita bila kuandikwa mambo manne: nani hasa anapewa, anapewa nini na kwa kiasi gani, msaada unakoma lini, na mshirika atakayeumia ataelezwa na nani.

Hatupingi Wakurdi kusaidiwa. Wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 25 na milioni 35, wamegawanywa na mipaka ya Uturuki, Iran, Iraq na Syria, na wameshauawa kwa gesi ya sumu huko Halabja, Machi 1988, dunia ikitazama. Tunachokipinga ni msaada wa kubahatisha, unaotolewa kwa haraka na kukatwa kwa haraka zaidi, kisha kila upande ukabaki na kinyongo.

Na kinyongo ndani ya NATO kina gharama ya pekee. Jumuiya yenu haiamui mambo kwa kupiga kura. Jambo hupita pale asipokuwepo hata mwanachama mmoja wa kulipinga, kwa hiyo serikali moja iliyoudhika inatosha kusimamisha mambo ya wote.

Tuanze na Syria, maana kidonda kiko huko. Septemba 2014 wapiganaji wa kundi linalojiita Dola la Kiislamu (IS) waliuzingira mji wa Kobanî, uliopakana kabisa na Uturuki. Usiku wa kuamkia Oktoba 20, ndege za Marekani ziliwadondoshea YPG, kundi la wapiganaji wa Kikurdi wa Syria, silaha, risasi na dawa kwa miavuli. Mzigo mmoja ukaangukia mikononi mwa IS. Siku chache baadaye Uturuki ikawaruhusu Peshmerga, wapiganaji wa jimbo la Wakurdi la Iraq, wapatao 150 wapite katika ardhi yake, na mizinga yao, kwenda kuuokoa mji uleule. Tofauti hiyo itazameni kwa makini, kwa sababu wengi wenu huipita juu juu. Ankara, yaani serikali ya Uturuki, haikukataa Wakurdi wasaidiwe. Ilikataa YPG, kundi lililokua chini ya kivuli cha PKK, chama cha Wakurdi wa Uturuki kilichoanzishwa na Abdullah Öcalan mwaka 1978 na kilichoshika silaha dhidi ya Uturuki mwaka 1984, katika vita vilivyoua watu wapatao 40,000.

Marekani iliiweka PKK katika orodha yake ya makundi ya kigaidi mwaka 1997, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2002. YPG haikuwekwa na yeyote kati yao. Katika ufa huo ndimo sera nzima ilimopita. Oktoba 2015 vikaundwa Vikosi vya Kidemokrasia vya Syria, SDF, vyenye Waarabu na Waashuru ndani yake, lakini nguvu na uongozi vikiwa vya YPG. Julai 2017 Jenerali Raymond Thomas, aliyekuwa akiongoza vikosi maalumu vya Marekani, alieleza hadharani kwamba Wamarekani ndio waliowaambia YPG wabadili jina. Baada ya hapo, mwanadiplomasia gani wa Marekani angemwambia Mturuki kwamba SDF na YPG ni vitu viwili, akaaminika?

Kisha ikaja ahadi. Mei 2017 Rais Donald Trump aliidhinisha YPG wapewe silaha moja kwa moja kwa ajili ya vita vya Raqqa, ngome kuu ya IS nchini Syria. Ili kuituliza Ankara, Waziri wa Ulinzi James Mattis aliahidi mambo mawili: Uturuki ingepewa kila mwezi orodha ya silaha zilizotolewa, na silaha hizo zingekusanywa IS ikishashindwa. Ahadi ni deni, na deni hili halikuwa na namna ya kulipika.

Kukusanya silaha kunataka maandalizi ya siku ya kwanza, si ya siku ya mwisho. Namba ya kila bunduki iandikwe wakati wa makabidhiano, pamoja na jina la kikosi na sahihi ya kamanda. Ghala likaguliwe kwa vipindi vinavyojulikana. Bunduki isipoonekana, posho ya kikosi izuiwe hadi maelezo yapatikane. Pawepo mahali pa kuzirudishia, na mtu wa tatu wa kumhakikishia anayerudisha kwamba hatashambuliwa kesho yake. Risasi na makombora hayarudi kamwe, yakishatumika yametumika. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya silaha ndogo zilizotolewa zilikuwa za aina ya Kisovieti, Kalashnikov na bunduki za rashasha, sawasawa na zile YPG walizoziteka kwa IS au kuzikuta katika maghala ya jeshi la Syria. Bila daftari la namba hakuna anayeweza kusimama mbele ya rundo la bunduki akasema hii ni yetu, ile si yetu.

Orodha ya kila mwezi nayo ilikuwa na kasoro yake. Ikiwa ya kina, inamfunulia Mturuki nguvu za anayepewa. Ikiwa ya jumla, haimtulizi Mturuki hata kidogo. Na juu ya yote hayo, mpiganaji hatoi bunduki yake wakati jeshi lililoapa kummaliza limepanga vifaru ng'ambo ya mpaka. Aliyeandika ahadi ile alipaswa kuyajua hayo.

Matokeo hayakukawia. Januari 2018 Uturuki iliingia Afrin, eneo la Wakurdi kaskazini-magharibi mwa Syria, na Machi 18 ikauteka mji huo. Wapiganaji wa SDF waliokuwa wakipambana na IS katika bonde la Frati waliacha kazi wakakimbilia kuwatetea ndugu zao, na wakuu wa jeshi la Marekani wakalazimika kukiri kwamba operesheni za ardhini dhidi ya IS mashariki mwa Syria zimesimama kwa muda. Mshirika mmoja alikuwa akimpiga mshirika wa mwenzake, na adui wa wote wawili akapata nafasi ya kupumua.

Yaliyotokea mwaka uliofuata ni mabaya zaidi. Agosti 2019 Marekani na Uturuki zilikubaliana utaratibu wa usalama mpakani. SDF, kwa kuliamini neno la Marekani, walibomoa ngome zao, wakafukia mahandaki na kuondoa silaha nzito karibu na miji ya mpakani ya Tell Abyad na Ras al-Ayn; doria za pamoja za Marekani na Uturuki zikaanza Septemba 8. Oktoba 6 Trump akazungumza kwa simu na Rais Erdoğan, na askari wa Marekani wakaondolewa katika eneo hilo. Oktoba 9 jeshi la Uturuki likaingia, na likaingia hasa pale palipokuwa pamebomolewa ngome. Waliotii makubaliano ndio walioachwa wazi. SDF walikuwa wameshazika watu wao wapatao 11,000 katika vita dhidi ya IS.

Hapo ndipo moto ulipowaka ndani ya nyumba yenu. Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi, Norwei, Kanada na wengine wakazuia au kupunguza mauzo ya silaha kwa Uturuki. Rais Macron akasema ubongo wa NATO umekufa, akilalamika kwamba hakuna aliyeshauriwa. Uturuki ikajibu kwa kuzuia mpango wa ulinzi wa Poland na nchi za Baltiki, ikidai kwanza YPG waitwe magaidi; mpango huo haukufunguliwa hadi katikati ya mwaka 2020. Fikirini hilo: mwanakijiji wa Estonia, anayeiogopa Urusi, ulinzi wake ulikwamishwa na mzozo wa mji wa Syria ambao pengine hajawahi kuusikia. Vikwazo vya silaha navyo havikuibadili Ankara. Kanada ilipozuia kamera za droni, kampuni ya Kituruki ya Aselsan ikatengeneza zake.

Na tusisahau Oktoba 5, 2023, ndege ya kivita ya Marekani aina ya F-16 ilipoitungua droni ya Uturuki karibu na Hasakah, kaskazini-mashariki mwa Syria, baada ya droni hiyo kusogea karibu mno na askari wa Marekani. Siku nne kabla, shambulio la bomu lililodaiwa na PKK lilikuwa limetokea mbele ya Wizara ya Mambo ya Ndani mjini Ankara, na Uturuki ilikuwa ikilipiza. Mwanachama wa NATO alitungua chombo cha mwanachama wa NATO, na kilichozuia makubwa zaidi ni kwamba chombo hicho hakikuwa na rubani.

Sasa linganisheni na mwaka uleule wa 2014 nchini Iraq. Ujerumani nayo iliamua kuwapa silaha Wakurdi, lakini iliwapa Peshmerga wa serikali ya jimbo la Wakurdi, inayotambuliwa na katiba ya Iraq. Shehena ilitangazwa kwa idadi: bunduki 8,000 za G3, bunduki 8,000 za G36, mitambo 30 ya makombora ya MILAN ya kupigia vifaru, na makombora 500 ya kuanzia. Bunge la Ujerumani liliitishwa Septemba 1, 2014 kulijadili jambo hilo hadharani. Ndege zilitua Baghdad kwanza, mizigo ikakaguliwa na serikali kuu, ndipo zikaruka kwenda Erbil, makao makuu ya jimbo hilo. Wakufunzi wa Kijerumani walifuata. Uturuki haikuvunja uhusiano na Berlin kwa sababu ya shehena hiyo, Baghdad haikufunga anga, na makombora yale yalizuia malori ya IS yaliyojazwa mabomu.

Haukuwa msaada safi kabisa. Mapema mwaka 2016 waandishi wa Kijerumani walizikuta baadhi ya bunduki hizo zikiuzwa katika masoko ya Erbil na Sulaymaniyah, kwa kuwa Peshmerga wasiolipwa mshahara kwa miezi huuza walicho nacho. Atoaye bunduki bila kuulizia mshahara wa anayeishika anaipeleka sokoni. Tena Oktoba 2017, baada ya Wakurdi wa Iraq kupiga kura ya uhuru Septemba 25, jeshi la Iraq liliwafurusha Peshmerga kutoka Kirkuk, na pande zote mbili zilikuwa na silaha na mafunzo ya Magharibi. Ujerumani ikasimamisha mafunzo kwa muda. Lakini hata hapo ilijulikana nani alipewa nini, na mazungumzo yakawa na pa kuanzia.

Hata Uturuki ina Wakurdi wake inaowasaidia. Kwa miaka mingi ilinunua na kusafirisha mafuta ya Erbil kwa bomba la kwenda Ceyhan, bandari ya Uturuki, bila ridhaa ya Baghdad, mpaka Machi 2023 mahakama ya usuluhishi ya Paris ilipoiamuru iilipe Iraq takriban dola bilioni 1.5 na bomba likafungwa kwa zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo Ankara inajua vizuri namna jirani anavyohisi pale jimbo lake linaposaidiwa bila yeye kuulizwa.

Kuna aina nyingine ya msaada, nayo ni hifadhi, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tunalo la kusema. Oktoba 1998 Syria, kwa kutishwa na majeshi ya Uturuki mpakani, ilimtoa nchini mwake Öcalan, kiongozi wa PKK. Akapita Urusi, akafika Italia, ambayo ilikataa kumrudisha kwa kuwa Uturuki bado ilikuwa na hukumu ya kifo. Waturuki wakasusia bidhaa za Italia. Italia haikumshtaki wala haikumpa hifadhi ya kudumu, ilimsukuma tu aondoke. Ugiriki ikampokea kwa siri, kisha ikaogopa, ikamleta Nairobi Februari 2, 1999 na kumficha katika makazi ya balozi wake, akiwa na pasipoti ya Cyprus yenye jina la mtu mwingine. Kenya haikuambiwa ni nani aliyeletwa. Mji huo ulikuwa umejaa wapelelezi wa Marekani, kwani ilikuwa imepita miezi sita tu tangu bomu la Agosti 7, 1998 lilipoua zaidi ya watu 200 hapo. Februari 15 alitolewa kwenye makazi yale, akaishia ndani ya ndege ya Waturuki.

Kesho yake Wakurdi walivamia balozi za Ugiriki Ulaya nzima. Februari 18 mawaziri watatu wa Ugiriki waliondoka madarakani, akiwemo wa mambo ya nje, Theodoros Pangalos. Uturuki iliishutumu Ugiriki kuwa mfadhili wa ugaidi, Wakurdi wakaiita msaliti, na Kenya ikabaki kujieleza kwa ugomvi usiokuwa wake. Nchi tatu zilipata hasara kwa sababu serikali moja ilitaka kumsaidia mtu bila kuonekana inamsaidia. Tangu Juni 2024 Kenya ni mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO, na Uturuki ina kambi kubwa ya mafunzo ya kijeshi Mogadishu tangu 2017. Mkigombana tena, ugomvi huo unayo njia fupi zaidi ya kufika kwetu.

Kisa cha Uswidi ni cha juzi na kinafundisha zaidi. Novemba 2021 Magdalena Andersson alihitaji tu asipingwe na wabunge 175 ili awe waziri mkuu. Mbunge huru Amineh Kakabaveh, Mkurdi mzaliwa wa Iran, alijizuia kupiga kura ya kumpinga baada ya chama cha Andersson kukubali kimaandishi kuimarisha ushirikiano na PYD, chama cha kisiasa cha upande wa YPG. Waliompinga wakawa 174. Mei 18 ya mwaka uliofuata, nchi hiyohiyo ikapeleka ombi la kujiunga na NATO, ambako Uturuki ina sauti ya kuzuia. Karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya kura moja ya Stockholm ikawa mezani Ankara.

Juni 28, 2022, mjini Madrid, Uswidi na Ufini zikatia sahihi hati ya kutoisaidia YPG wala PYD, kuondoa vizuizi vya silaha, na kushughulikia haraka maombi ya kurudisha watuhumiwa. Neno hilo la mwisho halikufafanuliwa. Erdoğan akasema Uswidi imeahidi watu 73; Stockholm ikasema mahakama ndizo zinazoamua. Desemba 2022 Mahakama ya Juu ya Uswidi ikazuia kurudishwa kwa mwandishi wa habari aliyetakiwa na Ankara, na mwezi huohuo mtu aliyehukumiwa Uturuki kwa uanachama wa PKK, ambaye ombi lake la hifadhi lilikuwa limekataliwa, akapandishwa ndege na kurudishwa. Wakurdi walioishi Uswidi miaka mingi wakawa hawajui kesho yao. Ufini iliingia Aprili 4, 2023. Uswidi ilisubiri mpaka Machi 7, 2024, baada ya Bunge la Uturuki kuidhinisha kwa kura 287 dhidi ya 55. Siku tatu tu baada ya kura hiyo Marekani ikakubali kuiuzia Uturuki ndege za F-16 na vifaa vyake kwa takriban dola bilioni 23, na Kanada nayo ikalegeza vikwazo vyake.

Waheshimiwa, tunaomba mambo ambayo mnaweza kuyafanya bila kubadili hata kifungu kimoja cha mkataba wenu.

Kifungu cha 4 kinaruhusu mwanachama yeyote kuitisha mashauriano anapoona usalama wake unatishiwa. Uturuki ilikitumia Julai 28, 2015, lakini wakati huo silaha zilishadondoshwa Kobanî. Anayekusudia kutoa silaha kwa kundi linalogusa mpaka wa mwenzake ndiye aitishe kikao, kabla ndege haijapakia. Uturuki itakataa, ndiyo. Ikatae mezani, sababu zake ziandikwe, na anayeendelea aendelee akijua gharama, badala ya kuigundua baada ya miaka mitano katika ulinzi wa Poland.

Silaha zipite kwa serikali inayotambuliwa kila inapowezekana, kama zilivyopita Baghdad. Pale isipowezekana, iwepo hati yenye idadi, namba za silaha, mshahara wa wanaozishika, tarehe ya mwisho na utaratibu wa kurudisha, na kamati ya bunge lenu iione. Msibadilishe majina ya makundi ili kuwakwepa wanasheria wenu wenyewe.

Tena mwambieni Mkurdi ukweli. Mwaka 1972 Marekani, ikishirikiana na Shah wa Iran, ilianza kumsaidia kwa siri Mustafa Barzani, kiongozi wa Wakurdi wa Iraq, dhidi ya Baghdad. Machi 6, 1975 Shah akapatana na Saddam Hussein huko Algiers, msaada ukakatwa ndani ya siku chache, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Iran. Yaliyotokea Ras al-Ayn mwaka 2019 ni ya ukoo uleule. Kama hamtamlinda dhidi ya Uturuki, mwambieni kwa maandishi kabla hajabomoa ngome yake. Atapanga maisha yake kulingana na jibu hilo, na anayo haki ya kufanya hivyo.

Watu waliopewa hifadhi wasiwe sehemu ya bei ya uanachama wala ya ndege za kivita. Maombi ya kurudisha watuhumiwa yaende mahakamani moja moja, na hati za kisiasa zisiwe na maneno yanayosomwa kwa maana mbili katika miji mikuu miwili. Hata ndani ya Ulaya mahakama hazisemi neno moja: Januari 2020 mahakama ya juu kabisa ya Ubelgiji ilisema PKK ni upande katika vita na haiwezi kushtakiwa kwa sheria ya ugaidi, na saa chache baadaye serikali ya Ubelgiji ikasema kwake PKK bado ni kundi la kigaidi. Kaeni mlimalize hilo kati yenu.

Mwisho ni la haraka kuliko yote. Februari 27, 2025 Öcalan aliitaka PKK ijivunje. Mei 12 ikatangaza kuvunjwa, na Julai 11 wapiganaji wake 30 wakachoma bunduki zao karibu na Sulaymaniyah. Machi 10 mwaka huohuo kamanda wa SDF, Mazloum Abdi, na Rais wa Syria, Ahmed al-Sharaa, walitia sahihi mjini Damascus makubaliano ya kuviunganisha vikosi hivyo na dola la Syria. Kazi iliyobaki ni ileile iliyoshindikana mwaka 2017: kuhesabu silaha, kuzisajili na kuziharibu mbele ya mashahidi, na sheria ya kuwarudisha makwao waliozishika. Mnao wataalamu na fedha za kazi hiyo, na rekodi za shehena mlizotoa ziko katika wizara zenu. Zikabidhini kwa tume moja ya uhakiki itakayokubaliwa na Ankara, Baghdad, Damascus na Wakurdi wenyewe, na jambo hili liwekwe katika ajenda ya kikao chenu kijacho cha mawaziri.

Wasalaam,

Wafuatiliaji wa siasa za kimataifa, Afrika Mashariki